Ganti yangu inaenda upande kila nikiwasha mashine. Ninunue mota kubwa zaidi?

"Mtaalamu, salamu. Nina mashine ya CNC (inayoongozwa na kompyuta) ya kukatia mbao niliyoiunda mwenyewe kwa vipande nilivyonunua kimoja kimoja. Meza ni mita 1.2 kwa 1.2. Ganti, ile boriti inayovuka meza na kubeba spindo (mota ya kuzungusha kisu), inasukumwa na stepa mbili (mota zinazozunguka kwa hatua ndogondogo), moja kila upande, na kila moja ina pinioni, yaani gia ndogo, ya meno 20, moduli 1 (kipimo cha ukubwa wa meno), iliyofungwa moja kwa moja kwenye shafti na kutembea juu ya reki, yaani ufito wenye meno. Kutoka reki moja hadi nyingine ni milimita 1200. Mota zote mbili zimeungwa kwenye draiva moja (kifaa kinachozipa umeme wa hatua zake), na swichi ya kikomo, inayoionyesha mashine mwanzo wake, ni moja tu, upande wa kushoto. Nikikata mlango wa kabati wa milimita 800 kwa 600, urefu na upana vinatoka sawasawa, lakini nikipima kona hadi kona napata 1001 na 999. Nikizima umeme, nikasukuma upande mmoja kwa mkono, nikawasha tena, mara nyingine mlango unaofuata unatoka skwea kabisa. Kesho yake asubuhi tofauti imerudi: mara milimita 2, mara 1, mara imehamia upande wa pili. Nimebadilisha hesabu ya hatua kwa milimita mpaka nimechoka. Rafiki yangu anasema mota ni dhaifu, ninunue kubwa zenye enkoda (kifaa kinachohesabu mota imezunguka kiasi gani). Kabla sijatoa hela, ni kweli?"

Usinunue mota bado, ndugu yangu. Umeeleza tatizo lako vizuri kuliko wengi wanaoniandikia, na jibu limeshaanza kujionyesha ndani ya maelezo yako. Ninavyokuelewa, kinachokuumiza zaidi si zile milimita 2, bali ni kwamba huwezi kuiamini mashine asubuhi. Leo mlango uko skwea, kesho umeenda upande, na wewe hujagusa kitu. Ganti iliyopinda kwa kiasi kilekile siku zote ingekuwa afadhali, kwa sababu ungeipima mara moja, ukainyoosha, ukaendelea na kazi.

Kwanza tuiondoe mezani hesabu ya hatua kwa milimita. Namba hiyo inaiambia mashine milimita moja ina urefu gani, basi. Mlango wako una 800 kamili na 600 kamili, kwa hiyo namba ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Chukua fito nne, zipigilie msumari mmoja kila kona, kisha sukuma kona moja: umbo linalala upande, lakini hakuna fito iliyorefuka wala kufupika. Ndicho kinachotokea kwenye mlango wako. Ganti haiko pembe mraba na reli zake, kwa sababu upande mmoja umetangulia mwingine. Rudisha namba yako ya zamani na usiiguse tena kwa ajili ya tatizo hili.

Sasa tuone upande mmoja umetangulia kwa kiasi gani. Zidisha tofauti ya mishazari miwili kwa urefu wa mshazari, kisha gawanya kwa mara mbili ya eneo la mlango. Kwako ni 2 mara 1000, gawanya kwa 960,000, unapata moja ya 480. Maana yake, kila milimita 480 za upana, ganti inaenda mbele milimita moja ambayo haikupaswa kwenda. Toka reki hadi reki una milimita 1200, kwa hiyo upande mmoja umetangulia mwingine kwa milimita 2.5. Ukitaka kujua ni upande upi, simama mbele ya meza na utazame mlango ulivyokatwa, kabla hujaugeuza. Kama mshazari mrefu unatoka kona ya mbele kushoto kwenda kona ya nyuma kulia, upande wa kulia ndio uliokwenda nyuma mno. Ukiwa kinyume, ni wa kushoto.

Soma tena namba zako: mara 2, mara 1, mara sifuri, mara imehamia upande wa pili. Hujaandika 0.4 wala 1.7. Tofauti zako zinaruka kama mtu anayepanda ngazi, na kila ruko ni kama milimita moja. Kitu kilicholegea hakifanyi hivyo, kingekupa kila namba iliyopo katikati.

Ngazi hiyo imo ndani ya mota. Stepa ya kawaida ya hatua 200 kwa mzunguko ina rota, ile sehemu inayozunguka ndani, yenye meno 50. Umeme ukiwa umezimwa, hakuna kinachoishika zaidi ya mvuto mdogo wa sumaku. Ukiwasha, draiva haikumbuki ilikuwa wapi jana. Inaanza na mpangilio wake uleule wa mkondo kwenye koili, na rota inavutwa mpaka jino lililo karibu zaidi na mpangilio huo. Sehemu hizo ziko 50 kwenye mzunguko mmoja, yaani moja kila nyuzi 7.2. Pinioni yako ya meno 20, moduli 1, inatembea milimita 62.8 kwa mzunguko. Gawanya kwa 50, unapata milimita 1.26.

Kwa hiyo kila unapowasha, mota ya kushoto inakimbilia ngazi yake iliyo karibu, na ya kulia yake, bila kuulizana. Mtu akiegemea ganti jioni, au ukiisogeza kidogo ili ufagie maranda, asubuhi upande mmoja unaweza kujikuta umeangukia ngazi ya jirani. Ngazi moja ni milimita 1.26 kwenye reki, na kwenye mlango wa 800 kwa 600 inaleta tofauti ya mishazari ya milimita 1 hivi. Ngazi mbili ni milimita 2.5, yaani 1001 na 999. Ndiyo namba zako hizo.

Hapo ushauri wa rafiki yako unaanguka, ingawa najua ameutoa kwa nia njema. Mota kubwa ya aina hiyohiyo ina meno 50 vilevile, kwa hiyo ngazi zitabaki palepale, ila utarushwa kwa nguvu zaidi. Enkoda nayo ni kitu kizuri mashine ikiwa kazini: mota ikikwama kwenye mbao ngumu na kupoteza hatua, enkoda inagundua, na draiva inasahihisha au inasimamisha kazi. Lakini enkoda nyingi zinazokuja na stepa za namna hiyo zinahesabu kuanzia pale umeme ulipowashwa. Ukiwasha ganti ikiwa imelala upande, enkoda zote mbili zitaandika sifuri na kuilinda hali hiyo ya kulala kwa uaminifu mkubwa siku nzima. Kama mashine yako ingekuwa inaanza kazi ikiwa skwea na kuimaliza ikiwa imepinda, ningekuwa upande wa rafiki yako. Sivyo ulivyoeleza.

Kuna jambo moja hukuuliza, nami nalijali kuliko yote yaliyotangulia. Kabla ya kuzungumza swichi na draiva, lazima ujue ganti yako inakaa vipi ikiwa huru, pinioni zikiwa hazijashika reki. Kila ganti ina mkao wake wa asili, ule unaotokana na jinsi bolti zilivyokazwa. Mota mbili zikiwa na nguvu zinaweza kuilazimisha itoke kwenye mkao huo, na kwa macho utaona imenyooka. Lakini sasa ni kama upinde uliovutwa. Beringi zinabebeshwa mzigo wa pembeni saa zote, mota zinapoteza sehemu ya nguvu zake kupigana na ganti, na umeme ukizimwa tu, ganti inarudi kwenye upotofu wake. Nimewahi kusimama karibu na mashine moja wakati umeme unazimwa, nikausikia huo mrudio kwa masikio, mlio mfupi wa chuma. Mwenye mashine alikuwa amehamisha swichi zake wiki nzima, na bolti nne za bamba la pembeni hakuzigusa.

Basi fanya hivi. Toa kisu kwenye spindo, zima umeme, chomoa na plagi. Tenga pinioni na reki pande zote mbili. Kama mota zako zimefungwa kwenye matundu marefu, zilegeze tu na kuzirudisha nyuma. Sukuma ganti taratibu kutoka mwanzo wa meza hadi mwisho kwa kidole kimoja kimoja, kimoja kila upande. Nasisitiza taratibu ili uizoee: wakati wowote mota zikiwa zimeshika reki, kuisukuma haraka kunazigeuza kuwa jenereta, na umeme unaorudi unaweza kuua draiva. Sikiliza kwa vidole. Ikiteleza sawa mwendo wote, reli zako ziko sambamba. Ikiwa nyepesi mwanzoni na nzito mwishoni, reli zinakaribiana au kuachana, na hilo lirekebishwe kwanza: kaza reli moja iwe ndiyo ya kuongoza, legeza bolti za ile ya pili, pitisha ganti mara kadhaa, halafu kaza kila bolti pale ganti ilipo, ukienda nayo hatua kwa hatua.

Kisha sukuma upande mmoja peke yake, mwingine ukiwa umeshikiliwa. Unaijua droo pana ya meza inayovutwa kwa pembe moja: inakwenda mshazari, inakwama. Ganti ni droo hiyohiyo. Ukizuia droo isikwame, ni kwa kurefusha sehemu inayoshika reli zake, na kwenye ganti ni vilevile: kadiri beringi mbili za upande mmoja zinavyokaa mbalimbali, ndivyo ganti inavyokataa kwenda upande. Upana wa ganti ukiwa mita 1.2 na beringi zako zimeachana sentimita 10 tu, usitegemee reli kukusaidia. Skwea yote itategemea mota. Zikiachana sentimita 30 au 40, ganti itajishika yenyewe kwa kiasi kikubwa. Andika upande uliousukuma ulisogea milimita ngapi kabla ya kugoma. Namba hiyo itakusaidia kuchagua dawa.

Baada ya hapo legeza bolti zinazounga boriti na mabamba ya pembeni, zipumue tu, usizitoe. Bana vipande viwili vya mbao au chuma mbele ya meza, kimoja kila upande, viwe vizuizi. Ganti iviguse vyote viwili. Usidhani ukingo wa meza uko skwea. Vizuizi utavisogeza baadaye kwa kipimo. Ganti ikiwa imeegemea vizuizi, kaza bolti kidogokidogo kwa zamu, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kama unavyokaza nati za gurudumu la gari. Ukikaza upande mmoja hadi mwisho kwanza, bolti zenyewe zitaivuta ganti.

Sasa kipimo. Naona unapima mlango uliokwisha kukatwa, na hapo kuna mitego miwili. Ukingo uliokatwa na kisu una makosa yake, kwa sababu kisu kinapinda kidogo kikielemewa, na kipande kikikaribia kuachana na ubao kinaweza kutikisika. Kisha tepu ina ndoano yenye kulegea. Badala yake chukua ubao wa plaiwudi au MDF, iambie mashine itoboe matundu manne kwenye kona za mstatili wa 800 kwa 600, zile 800 zikitoka mbele kwenda nyuma, matundu ya milimita 6 yanayoingia mpaka kwenye ubao wa chini, huku ubao wa juu ukiwa umebanwa. Usipime chochote. Geuza ubao chini juu kama unavyofunua ukurasa wa kitabu, kushoto kuwe kulia. Ingiza pini mbili kwenye matundu mawili ya mbele, halafu tazama ya nyuma. Ganti ikiwa skwea, pini zitazama zote nne. Ikiwa imelala, matundu ya nyuma ya ubao yatapishana na yale ya chini, na upishano huo ni mara mbili ya kosa. Kwa hali ya mlango wako wa 1001 na 999, utaona matundu yamepishana kwa milimita 3.3, kitu kinachoonekana bila miwani. Naipenda njia hii kwa sababu haihitaji kifaa cha bei. Ubao wenyewe ndio skwea.

Usipime kwenye kipande kidogo. Kosa lilelile, kwenye kipande cha milimita 200 kwa 200, linatoa tofauti ya mishazari ya milimita 0.6 tu, na kwa tepu utajiambia mambo ni shwari. Toboa mstatili mkubwa kadiri meza inavyoruhusu. Halafu pima palepale, kwa sababu MDF ikinyonya unyevu inabadilika.

Ganti ikishakuwa na mkao mwema wa asili, linabaki swali la kila asubuhi. Njia ya kwanza ni vizuizi vyenyewe: vibadilishe viwe bolti ngumu zenye nati ya kufungia, moja kila upande. Kila siku, kabla ya kuwasha, sukuma ganti iguse bolti zote mbili, ishikilie hapo, ndipo uwashe. Kwa kuwa unaanza kila siku mahali palepale, kila mota itakimbilia ngazi ileile. Itaruka kidogo, hata nusu ya ile 1.26, lakini itaruka vilevile leo na kesho. Kosa litakalobaki litakuwa moja lisilobadilika, na unaweza kulimaliza kwa kulegeza reki ya upande mmoja na kuisogeza kwa urefu wake kiasi ulichopima. Tahadhari iko moja: kama kizuizi kimeangukia katikati ya ngazi mbili, mota itachagua hii leo na ile kesho, na utaona bado inakuchezea. Zungusha bolti zote mbili kwa kiasi kilekile, nusu milimita hivi, tatizo litaondoka. Njia hii ni karibu bure, na unaweza kuanza nayo leo jioni.

Njia ya pili ndiyo ninayokushauri uwekee hela uliyotaka kununulia mota: draiva ya pili na swichi ya pili. Kila mota iwe na draiva yake na swichi yake. Mashine inapotafuta mwanzo, ganti inarudi mbele, upande unaogusa swichi kwanza unasimama, wa pili unaendelea peke yake hadi uguse ya kwake. Ganti inajinyoosha kila asubuhi bila wewe kuisukuma. Swichi haijali ngazi za mota, na draiva ikigawanya hatua katika sehemu ndogo, unaweza kuirekebisha kwa vipande vya milimita. Si lazima uhangaike kusogeza swichi kwa spana. Kati ya programu za kuongozea mashine, LinuxCNC inakuruhusu kuweka umbali wa swichi kwa kila mota peke yake, na FluidNC vilevile kupitia umbali wa kurudi nyuma wa kila mota. Grbl 1.1h, programu nyingine ya aina hiyo, kwenye bodi ndogo ya Arduino Uno inalo jambo hili pia, ila limezimwa. Inabidi uliwashe ndani ya faili la mipangilio kabla ya kukompaili, nayo ina kinga nzuri: upande mmoja ukigusa swichi na wa pili ukachelewa kupita umbali uliowekwa, inakatiza zoezi kabla ganti haijavunjwa. Kama programu yako haina kinga hiyo, kaa na mkono kwenye swichi ya dharura mara kumi za mwanzo.

Ukifanya kazi hiyo, mambo matatu yasikupite. Usichomoe wala kuchomeka waya wa stepa draiva ikiwa na umeme, hata kwa sekunde. Draiva nyingi zimekufa hivyo. La pili, kama mota zako zilikuwa zimeungwa sambamba, draiva ya zamani ilipangiwa mkondo wa mota mbili. Sasa inalisha moja, kwa hiyo mkondo lazima ushushwe hadi kiwango kilichoandikwa kwenye mota, la sivyo utaichoma. La tatu, jaribu mwelekeo wa mota pinioni zikiwa zimetengwa na reki. Moja ikizunguka kinyume wakati zimeshika, ganti itakunjwa mbele ya macho yako. Kubadilisha mwelekeo ni kupindua waya mbili za koili moja tu.

Njia ya tatu ni kuunganisha pande mbili kwa shafti moja inayovuka meza, mota ikiwa moja. Hapo upande mmoja hauwezi kutangulia umeme ukiwaka au ukizimwa, na kwa upana wa mita 1.2 shafti yenye unene wa kutosha haijipindi kwa kiasi cha kukuathiri. Ningekuwa naunda mashine upya, ningeifikiria kwa uzito. Kwa mashine iliyokwisha simama kama yako, ni kazi ya kufumua mengi.

Kuna nyongeza moja ambayo haihusu skwea peke yake: pinioni kufungwa moja kwa moja kwenye shafti ya mota kunaipa mota kazi ngumu. Ukiweka punguzo la mkanda la tatu kwa moja, ngazi ya milimita 1.26 inashuka hadi 0.42, na nguvu ya kusukuma inaongezeka karibu mara tatu. Ukiwa na hela ya ziada baada ya draiva na swichi, iende huko.

Utasikia pia kwamba programu inaweza kusahihisha kulala kwa ganti. Ni kweli, Klipper na Marlin zina uwezo huo. Zinapindisha njia ya kisu ili umbo litoke skwea ganti ikiwa bado imelala. Kwa kosa dogo lisilobadilika sioni ubaya. Kwako haifai, kwa sababu kosa lako linabadilika kila asubuhi, na programu itakuwa inasahihisha kosa la jana.

Jambo dogo unaloweza kulitazama sasa hivi: je, mota zako zinalala kazi ikiisha? Kama unatumia Grbl, mpangilio wa $1 ukiwa chini ya 255, mota zinaachiwa mara tu baada ya kusimama, na ganti inaweza kuhama ngazi kati ya mlango mmoja na mwingine, bila hata kuzima umeme. Weka 255 zibaki zimeshikwa. Zitapata joto kiasi, ni kawaida.

Baada ya kunyoosha, chukua kalamu ya rangi, chora mstari mwembamba unaoanzia kwenye shafti ya mota na kupita juu ya pinioni, kila upande. Siku pinioni ikiteleza kwenye shafti, mstari utakatika vipande viwili visivyokutana, na utajua kwa kutupa jicho. Skrubu ndogo ya kubana pinioni ndiyo mwizi mkubwa kwenye mashine hizi. Inalegea kwa mtetemo. Ipake gundi ya kuzuia nati isilegee, ile inayofunguka kwa spana. Na safisha reki kwa brashi kila jioni. Unga wa mbao ukishindiliwa kati ya meno unanyanyua pinioni na kuifanya iruke jino, na jino moja la moduli 1 ni zaidi ya milimita 3. Ukiona siku moja tofauti kubwa ya ghafla kuliko zile ngazi zako, tazama hapo kwanza.

Ukamilifu una mpaka wake pia. Kwa milango ya kabati, tofauti ya mishazari ya nusu milimita kwenye urefu wa mita moja inatosha. Hakuna bawaba itakayolalamika. Ukifikia 0.3, acha spana, rudi kazini.

Mtafute fundi aje aione kwa macho yake kama, pinioni zikiwa zimetengwa, ganti inakwama mahali palepale hata baada ya kupanga reli upya: huenda reli imepinda, au fremu iliyochomelewa imejisokota, na kuipima kunahitaji saa ya kupimia na ubao ulionyooka kwa uhakika, si tepu. Unaweza kujihakikishia msokoto wa fremu kwa kuvuta nyuzi mbili kona hadi kona juu ya reli, zikatize katikati. Zikigusana kwa wepesi, kona zote nne ziko kwenye usawa mmoja, na zikiachana au kusukumana, fremu imesokotwa. Hiyo usiinyooshe kwa kukaza bolti. Mwite fundi umeme, na usiwashe mashine kabla hajafika, kama ganti inaanza kukimbia yenyewe inapotafuta mwanzo, kama draiva inanuka, au kama bodi ya mashine inakupiga shoti ukiigusa.

Anza na vizuizi na ule ubao wa matundu manne. Ukinijibu, niandikie vitu viwili: upande mmoja ulisogea milimita ngapi ulipousukuma peke yake, na matundu ya nyuma yalipishana kiasi gani asubuhi tatu mfululizo. Kwa namba hizo nitaweza kukuambia kama beringi zako zinahitaji kuachanishwa kabla hujanunua draiva.